Zawadi Yangu Ilifichwa Kiwanjani Iyunga

Shosti zangu wakifikisha mwaka wa ndoa hupewa maua na keki. Mimi nilipewa bahasha ya makaratasi. "Zawadi yako iko kiwanjani kwetu Iyunga. Itafute mwenyewe," akasema mume wangu, anatabasamu kama mtoto aliyeficha pipi.

Jamani! Kiwanja chenyewe nilikiona mara moja tu, tena nikiwa ndani ya gari. Tulikinunua wote, yeye kwa mshahara, mimi kwa hela ya upatu. Makaratasi alikaa nayo yeye.

Mchezo huu aliuiga kwa wazungu, unaitwa jiokashingi. Mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Mei 3, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo. Anayeiona anachukua kitu na kuacha kitu. Siku hizi watu wanafichiana vikopo duniani kote.

Wangu akauongezea chumvi. Hakunipa namba za zawadi, alinipa ramani ya upimaji na kikaratasi: "Anza bikoni ya kusini-magharibi. Fuata mpaka kuelekea bikoni ya kusini-mashariki, mita 15. Geuka kushoto kona mraba, mita 12. Fukua kidogo."

Usiku ule nikakaa na ile bahasha. Kumbe ramani ya mpimaji haitishi! Kila kona ya kiwanja ina jiwe lake, yaani bikoni, lenye namba yake. Kila bikoni ina namba mbili ndefu za mita, moja ya mashariki na nyingine ya kaskazini, na kila upande umeandikwa urefu. Nikaingiza namba za bikoni yangu kwenye programu ya ramani ya simu, nikalala nikijiona mjanja.

Jumamosi tukateremka Iyunga, mimi mbele na simu, yeye nyuma kimya. Simu ikanipeleka moja kwa moja mpaka katikati ya shamba la mahindi la watu.

"Shikamoo mama," nikamwamkia mwenye shamba.

"Marahaba mwanangu. Mnatafuta nini humu?"

"Kiwanja chetu, mama."

Akanitazama toka juu hadi chini. "Hapa pana mwenyewe. Ni miaka nalima hapa."

Nikageuka kumwangalia mume wangu. Tabasamu lilikuwa limeyeyuka. "Lakini kiwanja kiko kule chini," akasema taratibu. "Ndiko nilikoonyeshwa. Ndiko nilikoficha."

Msomaji, hapo nilihisi miguu inaniisha nguvu. Kama karatasi inasema huku na yeye alionyeshwa kule, basi tumelipia nini? Nikafoka, "Tumepigwa! Na wewe hukuhakiki!" Naye akanijibu vibaya. Siku ya mapenzi ikageuka ya maneno, mbele ya mama wa watu.

Aliyetuokoa ni rafiki yake mpima ardhi. Tulipompigia simu, akacheka. Ramani yetu imechorwa kwa mfumo wa zamani uitwao Arc 1960, na simu kwa kawaida inatumia WGS84. Namba zinafanana sura, lakini kila mfumo unaanzia hesabu zake kwenye umbo tofauti kidogo la dunia. Kwa huku Mbeya, ukichanganya mifumo hiyo unajikuta karibu mita 300 kaskazini ya mahali penyewe. Upimaji mpya hutumia TAREF11, ambao unakaribiana sana na wa simu. Ndiyo maana ramani lazima iseme imetumia mfumo gani. Yetu ilisema, pembeni, kwa maandishi madogo. Nani alisoma?

Nikabadilisha mpangilio wa simu: Arc 1960, kanda ya 36 kusini. Mshale ukageuka kule kule chini. Simu ya kawaida hukosea mita kadhaa, kwa hiyo ilitusogeza tu. Bikoni tuliipata kwa kupekua majani. Namba yake ikalingana na ya kwenye ramani. Tukashusha pumzi wote wawili.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kamba. Tukaivuta toka bikoni hadi bikoni, nikapima mita 15. Kona mraba nikaipata kwa ujanja wa mafundi wa msingi: mita 3 huku, 4 huku, na 5 ya kuunganisha. Mita 12 baadaye, nikafukua kopo la biskuti. Ndani, kitenge kizuri na barua ambayo sitaisimulia hapa.

Lakini usiku wa bahasha nilikuwa nimesoma na mkataba wa mauziano. Ulikuwa na jina moja tu. Nikamwambia pale pale, kitenge begani: "Nimelipa nusu. Jina langu liko wapi?"

Alinyamaza sana. "Sikufikiria," akasema. Nilimwamini, ila nikamwambia kutofikiria nako kunaweza kumwacha mtu bila nyumba. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inachukulia kuwa ardhi iliyopatikana kwa makazi na matumizi ya wanandoa wote wawili ni yao kwa pamoja, isipokuwa hati ikitamka wazi kuwa ni ya mmoja. Hati yetu ilikuwa bado haijaombwa. Tulipojaza maombi, tulijaza majina mawili.

Kwa hiyo wewe na mwenzio, kabla ya kulipa, nendeni na mpima ardhi aliyesajiliwa. Simu si shahidi wa mpaka. Hakikini namba za bikoni moja moja, na msiisogeze hata moja, ni kosa kisheria. Kisha someni makaratasi wote wawili, mpaka maandishi madogo ya pembeni.

Kitenge nimeshakishona. Yule mama wa mahindi tulirudi kumwomba radhi, akatufungashia mahindi ya kuchoma.