Harusi Matombo, makaratasi Dar

Coaster iliyotoka Dar alfajiri inapoiacha Bigwa na kuanza kuzikata kona za Kiroka, sehemu kubwa ya bajeti ya harusi imekwisha kulipwa. Mpambaji yumo ndani na maboksi yake ya vitambaa, fundi muziki kabanwa na spika, mpiga picha amelala begi likiwa mapajani, na keki imepewa kiti chake peke yake kama abiria aliyekata tiketi. Huko Matombo kinachosubiriwa ni mchele kuiva, mbuzi kuchunwa na padri kufungua daftari.

Daftari hilo huwa haliandikwi kwenye bajeti ya kamati. Nimekaa kwenye kamati za harusi za kutosha kujua mjadala unapochemka: ukumbi au turubai, bia ngapi kwa kila meza, mshereheshaji yupi. Makaratasi huachiwa bwana harusi, naye huyaachia wiki ya mwisho. Kwa harusi ya mjini mtu anaweza kuponea chupuchupu, maana ofisi zote ziko karibu. Harusi ikiwa ya safarini, karatasi moja iliyosahauliwa Dar inaweza kusimamisha Coaster nzima.

Na harusi za safarini zina sababu ya kuongezeka huko Matombo, kwenye milima ya Uluguru. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000, na shangazi mwenye magoti mabovu hakuwa tena na kisingizio cha kutokuja. Kutoka Morogoro mjini hadi Matombo ni kilomita hamsini hivi kwa barabara ya Kisaki, ukipita Mkuyuni, migomba na minanasi ikikusindikiza. Ukiendelea na barabara hiyohiyo unafika upande wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, jambo ambalo mwenye nyumba ya wageni akili ikimkaa sawa hawezi kukosa kulitaja kwa maharusi. Kisha kuna misheni yenyewe, iliyoanzishwa na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu mwaka 1897. Wengi wanaorudi kufunga ndoa pale walibatizwa pale, au mama zao walibatizwa pale. Na kuhusu jina la mahali, Mluguru atakueleza kwa kicheko kwamba matombo ni matiti, kwa jinsi miamba ya juu ilivyokaa.

Sasa, kubatizwa Matombo hakukupi haki ya kufungia ndoa Matombo. Hapa ndipo kamati nyingi hujikwaa. Sheria za Kanisa Katoliki zinaiweka ndoa kwenye parokia anayoishi mmoja wa maharusi, au aliyokaa walau mwezi mmoja. Ukiishi Ubungo, paroko wako ni wa Ubungo hata kama kitovu chako kimezikwa mlimani. Yeye ndiye wa kukupa ruhusa ya kwenda kufungia kwingine, kuthibitisha kuwa umepitia mafundisho ya ndoa, na kuhakikisha matangazo yamesomwa. Cheti cha ubatizo nacho kinatakiwa kipya, kilichotolewa karibuni, kwa sababu pembeni mwa daftari la ubatizo ndipo huandikwa kama mtu alikwisha kuoa au kuolewa. Kwa aliyebatizwa Matombo, ombi linapanda mlima na karatasi inashuka. Na anayetaka kufunga ndoa kwenye bustani yenye mandhari ya bonde badala ya kanisani, aanze na ruhusa ya askofu wa jimbo kabla hajalipa arubuni ya maua.

Serikali ina kalenda yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 18, inataka maharusi watoe taarifa ya kusudio lao walau siku 21 kabla. Taarifa hiyo si jina na tarehe tu: umri, makazi, majina ya wazazi, kama mmoja ni mjane au mtalaka, na kama ndoa inakusudiwa kuwa ya mke mmoja au ya wake wengi. Hutangazwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Mke wa kwanza anaruhusiwa kupinga ndoa ya pili kwa hoja kwamba kipato cha mume hakibebi nyumba mbili, na nadhani ndicho kifungu pekee katika sheria hiyo kinachomtaka mtu afanye hesabu za biashara kabla ya kuoa. Msajili Mkuu, ambaye ofisi yake iko RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, anaweza kutoa leseni maalumu ya kuondoa sharti la siku 21 au kuruhusu ndoa ifungwe mahali pasipo pa kawaida. Asiyekuwa na leseni hiyo ahesabu wiki tatu, na atakuta zinalingana vizuri na Jumapili tatu za matangazo kanisani.

Wanaotaka ndoa ya bomani huenda kwa Mkuu wa Wilaya, DC. Waislamu hufungishwa na kadhi au sheikh mwenye mamlaka ya kusajili. Kwa njia zote hizi, mfungishaji lazima awe anatambuliwa kisheria na mashahidi wasipungue wawili. Kwa madhehebu mapya swali la kuuliza mapema ni moja: mchungaji ana leseni ya kufungisha ndoa? Mahubiri yanaweza kuwa matamu na cheti kikawa karatasi ya mapambo. Siku ya kumwandikisha mwenzi kwenye bima ya afya ya NHIF, au kuomba viza ya kumfuata mume ughaibuni, ndipo tofauti huonekana.

Ndoa ya kimila nayo ni ndoa kamili. Kama haikufungwa mbele ya mwenye mamlaka ya kusajili, wanandoa wanatakiwa kuomba isajiliwe ndani ya siku 30. Uluguruni hili lina uzito wake, kwa kuwa ukoo hufuata upande wa mama na mjomba ndiye anayeulizwa kabla ya baba. Nimesikia wajomba wakitishia kuzuia harusi kwa mahari iliyobaki. Wanaweza kuzuia chakula. Ndoa hawawezi, maana sheria inasema wazi kwamba kasoro ya mahari haiibatilishi. Lakini mshereheshaji mwenye busara hamwambii mjomba hivyo siku ya sherehe. Kingine kinachohitaji kuongelewa mapema ni ardhi. Kwa desturi shamba ni la ukoo wa mke, na mume anayejenga nyumba ya kisasa juu yake anajenga mahali ambapo siku ya ugomvi atalazimika kuthibitisha jasho lake. Na jasho si la fedha tu: Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, ilitambua kazi za nyumbani kuwa ni mchango katika mali ya ndoa. Ukuta wa matofali ya kuchoma utagawiwa kwa hoja, na anayetunza stakabadhi za saruji hoja yake hupata miguu.

Umri pia. Sheria ya 1971 iliandika miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa msichana. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Mwenye ukumbi au mpambaji anayeona bibi harusi ni mtoto asijifiche nyuma ya kifungu cha zamani.

Kwa mgeni kutoka nje mzigo unaongezeka: pasi, cheti cha kuzaliwa, hati ya talaka kama aliwahi kuoa, na barua kutoka kwao inayoonyesha kuwa hana kizuizi cha kuoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo haivuki bahari, kwa hiyo anayetaka ufukwe wa Zanzibar aulize utaratibu wa Zanzibar. Kenya nako, chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, taarifa ni siku 21 vilevile. Sasa linganisha na Las Vegas. Ofisi ya vibali vya ndoa ya Clark County iko wazi kila siku hadi saa sita usiku, ada ni dola 102, na hakuna siku za kusubiri. Mji ule ulielewa mapema kwamba karatasi nayo ni bidhaa, na kuzunguka karatasi hiyo yakaota makanisa madogo, limuzini na hoteli.

Sisemi Matombo iigeuze misheni kuwa Las Vegas. Siku 21 zina maana yake, hasa kwa mke aliyeachwa Kigamboni bila taarifa. Ninachokiona ni kwamba pengo hilo la wiki tatu halina mfanyabiashara. Msimu wenyewe unajulikana. Kwaresima, ambapo parokia nyingi hazifungishi ndoa za shamrashamra, huangukia karibu na masika, barabara ikiwa tope. Kuanzia Juni hadi Septemba, na tena Desemba, watu hushindania tarehe. Kijana wa Matombo mwenye pikipiki na simu anayejua saa za ofisi ya parokia, anayemfahamu mtendaji wa kata anayetoa kibali cha sherehe, anayejua cheti cha ubatizo huchukua siku ngapi, ana kitu ambacho kamati ya Dar ingelipia kabla ya maua. Kwa sasa anawauzia ndizi, mananasi na kuku, kwa bei ya shambani, huku fedha ya mapambo, muziki na picha ikipanda Coaster na kurudi nayo.

Misa ikiisha, padri hulaza daftari juu ya meza ndogo na kuita mashahidi. Mmoja kila mara hana kitambulisho. Kimebaki kwenye gari. Bibi harusi anainamisha shela isiguse wino, anaandika jina lake la baba kwa mara ya mwisho au si kwa mara ya mwisho, na nakala inatengwa ya kupelekwa kwa Msajili Mkuu. Nje mshereheshaji amekwisha kujaribu kipaza sauti mara tatu.