Yuro mbili na nusu: hesabu ya dawa ya paka wa Kupro

Kiangazi cha mwaka 2023, aliyetaka kujua ni paka wangapi wamekufa katika kisiwa cha Kupro, mashariki mwa Bahari ya Mediterania, alipewa majibu matatu. Wizara ya kilimo ilikuwa na wagonjwa 107 waliothibitishwa. Chama cha madaktari wa mifugo kiliuliza kliniki 35 na kikakadiria kwamba waliokufa kisiwani kote ni kama 8,000. Shirika moja la kutetea wanyama likasema 300,000, na hiyo ndiyo idadi iliyoenea katika magazeti ya dunia.

Kila idadi ilihesabu kitu chake. Wale 107 ni paka waliofikishwa kliniki, wakachukuliwa vipimo, na maabara ikaandika jibu. Vipimo hivyo vinalipiwa. Paka wa mama anayelisha kumi uani kwa pensheni hawezi kuwamo. Wale 8,000 ni makadirio yaliyotokana na wagonjwa ambao madaktari waliwaona kwa macho yao, na ile 300,000 ni kisio la watu wanaolisha paka wa mitaani na kuona makundi yanapungua. Binafsi naona madaktari ndio waliokaribia ukweli. Lakini pengo kati ya 107 na 8,000 lina habari yake: humo wamo, kwa sehemu kubwa, paka ambao wenye kuwafuga hawakuwa na fedha za kuuliza wanaumwa nini.

Ugonjwa wenyewe madaktari wanauita FIP. Chanzo chake ni korona ya paka, ambayo si ile iliyoleta janga la binadamu na haimpati mtu. Paka wengi hubeba virusi hivyo tumboni bila shida kubwa na kuambukizana kupitia kinyesi. Kwa kawaida ni wachache tu, takriban 10 au pungufu katika kila 100 walioambukizwa, ambao virusi hubadilika ndani yao na kuwa FIP, na wengi wao ni wadogo wa chini ya miaka miwili. Tumbo hujaa maji, homa haishuki kwa antibayotiki, paka anakonda mgongo ukatoka. Asipotibiwa, karibu kila mara hufa. Kilichotokea Kupro kilikuwa kigeni kwa sababu ugonjwa ulipita moja kwa moja kutoka paka hadi paka. Watafiti, akiwemo Charalampos Attipa wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, waligundua aina mpya waliyoiita FCoV-23, iliyochanganya korona ya paka na korona ya mbwa.

Na hiki si kisiwa cha kawaida kwa paka. Huko Shillourokambos wanaakiolojia walifukua paka aliyezikwa kando ya mtu kiasi cha miaka 9,500 iliyopita. Leo inasemwa kwamba paka wa Kupro wanalingana na watu kwa wingi, kama hawajawazidi, na watu wa eneo linalotawaliwa na serikali ni zaidi ya 900,000.

Dawa ilikuwepo. Bei ndiyo iliyokuwa ikiua. Kumtibu paka mmoja kulitajwa kugharimu kati ya yuro 3,000 na 7,000.

Kwa nini kiasi hicho? Sehemu ya kwanza ni muda. Matibabu ya FIP yamezoeleka kuchukua siku 84. Sehemu ya pili ni uzito, kwa kuwa dozi hupimwa kwa kila kilo ya mwili, na paka anayepona huongezeka uzito, hivyo dozi nayo hupanda. Chukua dawa inayoitwa GS-441524. Kwa miligramu 15 kwa kilo, paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 60 kwa siku. Zidisha kwa 84: miligramu 5,040. Ni gramu 5 tu, uzito wa kijiko cha chai cha sukari. Gramu 5 ndizo zilizotenganisha paka hai na paka mfu, na kwa miaka kadhaa hazikuuzwa kihalali popote kwa ajili ya paka.

Hapo historia inauma. Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyeufuatilia ugonjwa huu kwa miongo mingi, alichapisha na wenzake mwaka 2019 matokeo ya paka 31 waliopewa GS-441524. Kati yao 26 walifika wiki 12 au zaidi. Wanane walirudiwa na ugonjwa, wengine wakatibiwa upya kwa dozi kubwa zaidi, na mwishowe 25 wakapona kwa muda mrefu. Ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukawa na waliopona 25 katika 31. Lakini mwenye haki za dawa hiyo, kampuni ya Gilead ya Marekani, hakuipeleka kwenye soko la wanyama. Nguvu zake zilikuwa kwenye remdesivir, dawa ya binadamu ambayo mwilini hugeuka kuwa GS-441524 hiyo hiyo. Watu wakaanza kununua chupa zilizotengenezwa China kwa njia za panya, kwa maelfu ya dola, bila kujua kwa hakika kilichomo. Uingereza ilipata njia halali mwaka 2021. Marekani ilisubiri hadi Juni 2024.

Kwa hiyo yuro 3,000 haikuwa gharama ya gramu 5 za unga. Ilikuwa bei ya kitu adimu, kilichotoka mbali na kisicho na mshindani. Mwenye paka mgonjwa huambiwa jumla moja, na jumla hiyo humtisha kana kwamba imeandikwa mbinguni. Ukiifungua utakuta vipande, na kila kipande kina sababu yake.

Kupro walikivunja kipande kikubwa kuliko vyote. Ghalani mwa serikali kulikuwa na shehena ya vidonge vya molnupiravir, vilivyonunuliwa kwa watu wagonjwa wa korona, ambao kwa bahati njema walikuwa wamepungua. Madaktari wa mifugo walikuwa wakijua kwamba dawa hiyo inafanya kazi kwa FIP. Mapema Agosti 2023 serikali iliruhusu itumike kwa paka, na kuanzia tarehe 8 mwezi huo ikaanza kutolewa kupitia idara ya mifugo kwa yuro 2.50 kidonge kimoja, mradi daktari awe amethibitisha ugonjwa.

Tupige hesabu. Kidonge kimoja kina miligramu 200. Kipimo kilichotumika katika tafiti za paka ni kama miligramu 12 kwa kilo, mara mbili kwa siku. Paka wa kilo 4 atameza miligramu 96 kwa siku, na kwa siku 84 miligramu 8,064, yaani vidonge 40 na chembe. Pakiti ya molnupiravir iliyotengenezwa kwa mtu mmoja, ya kumeza kwa siku 5, ina vidonge 40. Pakiti ya mtu mmoja ni tiba nzima ya paka mmoja. Mara yuro 2.50, ni yuro 100.

Kutoka yuro 3,000 hadi 100 ni kugawa kwa 30, na kutoka 7,000 ni kugawa kwa 70. Kwa viwango vya Agosti 2023, yuro 100 zilikuwa kati ya shilingi 15,000 na 16,000 za Kenya, au takriban shilingi 270,000 za Tanzania. Si fedha ndogo kwa mtu wa kawaida wa Likoni au Temeke, lakini mtu anaweza kuzikopa na kuzirudisha. Zile za kwanza, karibu nusu milioni ya Kenya hadi milioni na zaidi, zingemlazimu kuuza kitu. Rais wa chama cha madaktari wa mifugo wa Kupro alisema wakati huo kwamba kwa dawa karibu asilimia 85 ya paka wanaweza kupona.

Gharama nyingine haikukatwa, nayo hailipwi kwa yuro. Siku 84 mara mbili ni dozi 168. Kidonge hufunguliwa, unga hugawanywa kadiri daktari alivyopima, kwa huyu wa kilo 4 sehemu nne zilizo sawa, na kila sehemu inafichwa ndani ya kipande cha samaki. Paka mgonjwa hana hamu. Ananusa, anageuza uso, anatema povu. Unangoja, unajaribu tena kwa kidole nyuma ya ulimi, kisha saa 12 baadaye unarudia, Ijumaa na sikukuu. Kwa paka wa ndani hilo linawezekana. Kwa paka wa bandarini anayeonekana Jumatatu na kupotea hadi Alhamisi, yuro 2.50 au bure ni sawa tu, kwa sababu hatamaliza dozi. Nadhani ndiyo maana bei ilipoanguka msiba haukwisha siku hiyo hiyo.

Hata muda unaweza kupunguzwa. Mwaka 2024 watafiti wa Munich, Ujerumani, walichapisha jaribio la paka 40 wenye FIP ya tumbo kujaa maji, nusu wakipewa GS-441524 kwa siku 84 na nusu kwa siku 42. Siku 42 zilitosha sawasawa na 84. Maana yake, kwa aina hiyo ya ugonjwa na dawa hiyo, nusu ya bili yote ya dawa ilikuwa haihitajiki.

Tuseme basi paka ni wako, uko Mombasa, Tanga au Unguja, na huna hata hizo 100. Kuna vipimo visivyohitaji maabara. Paka aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Hesabu mbavu zinavyopanda kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Akizidi 30 siku baada ya siku akiwa amelala fofofo, kifua au moyo una neno. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, na kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa kinatosha. Uzito ndio shahidi mkubwa kuliko wote. Mtie kikapuni, mpeleke kwa muuza mchele mwenye mizani, toa uzito wa kikapu, andika. Kwa paka wa kilo 4, gramu 400 zikipotea ni moja ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7. Daktari akipewa karatasi yenye uzito wa wiki nne ana pa kuanzia, na pengine kipimo kimoja cha kulipia kinaachwa.

Saa nazo zina bei. Paka akikaa siku 2 hadi 3 bila kula kitu, hasa kama ni mnene, ini huanza kujaa mafuta, na ugonjwa wa pili unazaliwa juu ya wa kwanza. Dume anayekwenda kukojoa, anachuchumaa, analia na halitoki tone, huyo hana siku tatu. Njia imeziba, sumu inapanda kwenye damu, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Fedha kidogo uliyo nayo itumike hapo, usiku huo huo. Kikohozi chepesi au jicho linalotoa machozi huku paka akila vizuri kinaweza kungoja mwisho wa mwezi.

Na kuna cha bei rahisi kinachoua. Kidonge cha paracetamol cha miligramu 500 ni cha senti chache na kimo katika kila nyumba. Kwa paka wa kilo 4 ni miligramu 125 kwa kilo, wakati madhara yameripotiwa hata kwa 10. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo, damu inageuka kahawia na kushindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za rangi ya matope, uso unavimba. Hata robo ya kidonge inazidi kiwango hicho mara tatu. Hali kadhalika dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin: tone la mbwa mkubwa likipakwa shingoni mwa paka linamtia degedege. Watu hufanya haya kwa huruma kabisa, wakiwa wamekosa nauli ya kwenda kliniki.

Ukifika kliniki, taja kiasi ulicho nacho kabla paka hajapandishwa mezani. Wengi huona haya, wakanyamaza, kisha wakapewa orodha ya vipimo vitano na kurudi nyumbani bila dawa hata moja. Mwambie daktari: nina kiasi hiki, hakuna kingine, ni kipimo kipi kati ya hivi kitakachobadilisha dawa utakayonipa? Kama jibu lolote litaishia kwenye dawa ile ile, kipimo hicho si lazima leo. Daktari mwema hatakasirika. Naye ana dawa za kununua na kodi ya chumba, na anapendelea mteja anayesema ukweli kuliko anayepotea katikati ya matibabu.

Muulize pia bei ya sindano ya kumlaza paka asiyeweza kupona. Ni swali gumu na linaumiza kulitamka, lakini paka aliyejaa maji tumboni, asiyekula, anayepumua kwa mdomo wazi, anaweza kuchukua siku kadhaa kufa peke yake chini ya kitanda. Iulizwe siku ile ile ya kwanza, sambamba na bei ya dawa, na fedha yake itengwe kando kabla vipimo havijaimaliza.