Kura Zilipolingana, Wakapiga Kura

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kumsikia jirani yako asubuhi ya siku ya uchaguzi akisema, "Mimi leo nakwenda kupalilia maharage yangu. Kura yangu moja itaongeza nini?" Pengine wewe mwenyewe umeyasema maneno hayo, hasa jua likiwa kali na kituo cha kura kikiwa ng'ambo ya mto. Leo basi keti kidogo, nikusimulie habari za mahali pamoja huko Marekani, ambapo watu zaidi ya 23,000 walipiga kura, na jambo lote likaning'inia kwenye karatasi moja ya mtu mmoja.

Kwanza ufahamu namna nchi ile inavyotawaliwa. Marekani ina majimbo 50 (usiyachanganye na majimbo ya maaskofu), na kila jimbo lina bunge lake linalotunga sheria za shule, barabara, hospitali na mahakama za hapo. Bunge la Virginia lilianza mwaka 1619 katika kijiji cha Jamestown, kwa hiyo ni kongwe kuliko Marekani yenyewe. Lina nyumba mbili: Seneti yenye watu 40, na Nyumba ya Wajumbe yenye watu 100. Wajumbe huchaguliwa kila baada ya miaka miwili. Kwa ajili hiyo jimbo limekatwa vipande 100, kila kimoja kikiwa na wakazi 80,000 hivi wakati wa habari hizi, na kila kipande kina namba yake. Sisi tutazungumza juu ya kipande cha 94.

Kipande hicho kilikuwa katika mji wa Newport News, penye mto James unapoingia baharini. Ni mji wa mafundi wa meli; manowari kubwa za Marekani zinazobeba ndege huundwa huko. Kwa miaka mingi watu wa hapo walimtuma Bwana Alan Diamonstein wa chama cha Demokrati, aliyeingia Bungeni mwaka 1968 akatoka mwaka 2002. Kiti kikaenda kwa Bwana Glenn Oder wa chama cha Republican, na mwaka 2011 kwa Bwana David Yancey wa chama hicho hicho. Mwaka 2015 mama mmoja, mwalimu, jina lake Shelly Simonds, alisimama kupambana na Bwana Yancey. Akashindwa vibaya. Wengine wangalirudi nyumbani na kufunga mlango. Yeye alisimama tena mwaka 2017.

Siku ya uchaguzi ilikuwa tarehe 7 Novemba 2017. Kabla ya siku hiyo Warepublican walikuwa na viti 66 katika Nyumba ya Wajumbe, na Wademokrati 34. Hakuna aliyedhani mlima huo ungehama. Lakini usiku ule viti vilianguka kimoja baada ya kingine, hata ikawa Warepublican wamebaki na 50, Wademokrati 49, na kiti kimoja bado kina mashaka. Kiti hicho ni cha 94. Bwana Yancey alikuwa mbele kwa kura 10 tu.

Sasa fikiri, msomaji. Akishinda Yancey, chama chake kina 51 na kinaishika Nyumba: kinamchagua Spika, kinaamua sheria gani isomwe na gani itupwe kapuni. Akishinda Simonds, ni 50 kwa 50, na hakuna mkubwa.

Kura zikahesabiwa upya tarehe 19 Desemba. Kazi ilichukua siku nzima. Jioni ikatangazwa kwamba Bibi Simonds amepata 11,608 na Bwana Yancey 11,607. Kura moja! Wademokrati wakashangilia, magazeti yakaandika, na mama yule akalala akiwa mjumbe.

Kumbe kulikuwa na karatasi moja. Huko mpiga kura hupewa karatasi yenye viduara, naye hujaza kwa wino kiduara kilicho kando ya jina analolitaka. Mtu mmoja alikuwa amejaza viduara vyote viwili, cha Yancey na cha Simonds. Kisha akapiga mstari juu ya kiduara cha Simonds, kama mtoto wa shule anayekata hesabu aliyoikosea. Je, alitaka kusema, "Huyu simtaki, nilikosea"? Au aliiharibu tu? Katika nafasi nyingine zote alikuwa amewachagua Warepublican. Wasimamizi waliokuwa wakihesabu waliiweka kando kama kura iliyoharibika. Lakini mmoja wao, aliyekuwa upande wa Republican, hakupata usingizi. Kesho yake aliwaandikia majaji kwamba karatasi ile ilistahili kuhesabiwa. Majaji watatu wakaitazama tarehe 20 Desemba, wakaamua: ni kura ya Yancey.

Basi ikawa 11,608 kwa 11,608.

Mimi nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilijiuliza juu ya mtu yule mwenye kalamu. Majaji walimpa Yancey kura yake bila kumwuliza, maana kura ni siri na haina jina. Huenda alijitambua alipoiona karatasi yake kwenye gazeti. Huenda hata leo hajui. Wewe nawe ukiingia kwenye chumba cha kura, usiharakishe. Ukikosea, rudisha karatasi upewe nyingine, kuliko kuwaachia majaji watatu kazi ya kusoma moyo wako.

Sheria ya Virginia inasema kwamba wagombea wakilingana, mshindi atapatikana kwa bahati nasibu. Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko lugha nyingi, maana sisi twasema "kupiga kura" kwa mambo yote mawili: kuchagua, na kuokota kijiti gizani. Kura zilipolingana, wakapiga kura. Si jambo geni kwa Mkristo. Katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume, Mathia aliwekwa mahali pa Yuda kwa njia hiyo hiyo. Ila Mitume walisali kwanza; Virginia walianza na mawakili. Bibi Simonds aliwaomba majaji wafikiri tena, nao wakakataa.

Tarehe 4 Januari 2018, katika mji mkuu Richmond, watu walijaa ukumbini na kamera zao. Mezani palikuwa na bakuli la udongo la rangi ya buluu na nyeupe, lililofinyangwa na mfinyanzi wa mji uleule, nalo limeazimwa kutoka jumba la makumbusho ya sanaa. Majina mawili yalichapwa kwenye vipande vya karatasi, kila kimoja kikatiwa katika kikopo kidogo cha kuwekea filamu ya kamera, vile ambavyo vijana wa siku hizi hawavijui tena. Vikopo vikatiwa bakulini vikakorogwa. Bibi Simonds alikuwa ameketi pale. Bwana Yancey hakuja. Mwenyekiti wa halmashauri ya uchaguzi, Bwana James Alcorn, akatia mkono, akatoa kikopo, akafungua, akasoma: David Yancey.

Mama yule angeweza kudai kuhesabiwa tena. Alitafakari siku chache, na tarehe 10 Januari, siku ile Bunge lilipofunguliwa, akakubali kwamba ameshindwa. Warepublican wakaishika Nyumba kwa 51 kwa 49.

Utasema basi kishindo chote cha wapiga kura kilipotelea bakulini. Hapana. Wajumbe waliobaki walikuwa wameona jinsi walivyoponea chupuchupu. Kwa miaka kadhaa Nyumba ile ilikuwa imekataa kupanua mpango wa serikali wa kuwatibu maskini uitwao Medicaid. Mwaka huo huo wa 2018 baadhi ya Warepublican walijiunga na Wademokrati, sheria ikapita, na watu kama 400,000 wakafunguliwa mlango wa kupata matibabu.

Mwezi wa Mei mwaka 2018 likatokea jambo ambalo kwangu linauma kuliko lile la bakuli. Gazeti moja kubwa la Washington lilichungua madaftari ya wapiga kura, likakuta kwamba wakazi 26 wa kipande cha 94 walikuwa wameandikishwa kwa makosa katika kipande jirani cha 93. Siku ya uchaguzi walipewa karatasi za huko. Walikuwa wakikaa mtaa ambao Wademokrati wana nguvu. Watu 26, na mashindano yalihitaji mmoja! Hakuna aliyewanyima kura. Waliamka, wakajipanga kwenye mstari, wakapiga, lakini kwa kiti kisicho chao. Uchaguzi haukurudiwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, daftari linapobandikwa ubaoni, nenda ukatazame jina lako limeandikwa wapi. Na kama una bibi asiyejua kusoma, mtazamie na la kwake.

Mambo hayakuishia hapo. Mahakama ilikuwa imeona kwamba ramani ya vipande 11 vya Virginia ilichorwa kwa kuwatenga watu kwa rangi zao. Mipaka ikachorwa upya, na kipande cha 94 nacho kikaguswa. Mwaka 2019 Bibi Simonds alisimama mara ya tatu dhidi ya Bwana Yancey. Safari hii hapakuhitajika bakuli. Alimshinda kwa tofauti ya wazi, na chama chake kikapata viti 55 kwa 45.

Msidhani nawapigia debe Wademokrati. Maaskofu wa Richmond na Arlington waliipinga Nyumba hiyo mpya mwaka 2020 ilipolegeza sheria juu ya utoaji mimba. Na maaskofu hao hao waliishukuru mwaka 2021 ilipofuta adhabu ya kifo, katika jimbo lililokuwa limewaua wahukumiwa zaidi ya 1,300 tangu enzi za wakoloni. Nyumba ni ile ile, wajumbe ni wale wale. Mkatoliki wa Newport News aliyekwenda kupiga kura alikuwa na mengi ya kupima moyoni, wala hapakuwa na chama cha kumrahisishia.

Mwaka 2023 ramani ilikuwa imebadilishwa tena. Bibi Simonds akachaguliwa kwa kipande kilichopewa namba 70. Namba 94 imehamia ng'ambo ya maji, katika mji wa Norfolk, kwa watu wengine kabisa, ambao kura zao zinahesabiwa kwa namba hiyo tangu uchaguzi huo.