Docteur Nico: Fundi wa solo aliyekuwa na cheti cha ualimu

Mwalimu akiwa na mtoto anayetaka kuacha shule, hana pa kujificha. Mwanangu ana miaka 17. Mwezi uliopita alinitamkia kwamba shule basi, yeye anataka gitaa. Nilifoka mpaka majirani wakasikia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa napita Kiyovu, natoka kumjulia hali mgonjwa, nikasikia solo kutoka bustani ya hoteli moja. Nikasimama. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa akipiga nyimbo za Docteur Nico, zile zile za nyumbani kwetu Bukavu. Nikaagiza Fanta, nikakaa mpaka giza likaingia.

Ndugu msomaji, kama ulikulia Zaire huhitaji kuelezwa. Wenzetu mliorudi kutoka Uganda na Tanzania, huenda mlizicheza nyimbo zake bila kujua jina lake. Nicolas Kasanda alizaliwa mwaka 1939 Mikalayi, mkoani Kasai. Gitaa alifundishwa na ndugu yake, Tino Baroza, na akiwa na umri wa miaka 14 tu alikuwa tayari anapiga na African Jazz ya Joseph Kabasele, Grand Kallé. Na shule hakuiacha: mwaka 1957 alihitimu ualimu wa ufundi mjini Léopoldville. Hapo ndipo niliposhikwa, maana mwanangu hiyo habari haijui.

Januari 1960 bendi ilikwenda Brussels, wanasiasa wa Kongo walipokuwa wakijadili uhuru na Wabelgiji kwenye mkutano wa Meza ya Duara. Wakatunga "Indépendance Cha Cha", ikaenea Afrika nzima. Gitaa unalolisikia humo ni la kijana wa miaka 20.

Jina la jazi lisikudanganye ukatafuta Marekani. Alichofanya Nico ni kuchukua rumba ya Kuba, akaichanganya na midundo ya kwao Kasai, na baadaye hata gitaa la Kihawaii akaliingiza. Franco wa OK Jazz alikuwa anazivuta nyuzi kwa nguvu na kurudia mpaka mchezaji apagawe. Nico noti zake zilitiririka moja moja, safi, kama maji ya bomba. Wapiga solo wa Nairobi na Dar es Salaam waliziiga. Ubishi wa nani zaidi ulimalizia chupa nyingi, na mimi nina upande wangu.

Mwaka 1963 yeye na Tabu Ley Rochereau walimwacha Kabasele, wakaunda African Fiesta. Mafahali wawili hawakukaa. Nico akajitenga na African Fiesta Sukisa, akiwa na kaka yake Dechaud kwenye gitaa la rizimu.

Kisha mambo yakaharibika. Kampuni ya Ubelgiji iliyokuwa ikitoa santuri zake ilianguka katikati ya miaka ya 1970, naye akapotea jukwaani. Wafanyabiashara wa mpakani mnaijua hali hiyo: mnunuzi wako mmoja akifilisika, na wewe umekwisha, hata mzigo wako uwe mzuri namna gani. Alirekodi tena kidogo Togo, akafariki katika hospitali ya Brussels Septemba 1985, akiwa na miaka 46. Nilikuwa na miaka saba. Baba alipiga santuri zake usiku kucha, mama hakumkataza. Tulipovuka Rusizi kurudi mwaka 1994 santuri zilibaki.

Mapumziko yalipofika nilimsogelea yule mzee, nikamweleza habari za mwanangu.

"Mama Mwalimu, analipenda gitaa lipi?" akaniuliza.

"Solo."

Akacheka. "Wote wanataka solo. Mlete. Ataanza na rizimu ya Dechaud. Akivumilia miezi mitatu, tutazungumza."

Nyumbani nilimpa mwanangu masharti: abaki darasani, na Jumamosi apande Kiyovu. Nilimsimulia cheti cha mwaka 1957. Nilimsimulia pia na ile kampuni iliyoanguka, maana angeisikia kwa wengine.

Sasa ni wiki ya nne. Kila jioni yuko barazani anarudia mkong'oto ule ule, daftari la hesabu limefunguliwa kando. Jirani amekuja mara mbili kuuliza kama wimbo huo hauna mwisho.