Obundu na Hesabu za Darasani

Mtoto wa Ibanda, chini ya milima ya Rwenzori wilayani Kasese, huweza kufika darasa la sita akiwa bado anaiogopa hesabu ya sehemu ubaoni. Jioni hiyo hiyo mama akimtuma kusonga obundu, ule ugali wa muhogo ambao Wakonzo hawaoni kuwa wamekula bila huo, yeye hukadiria maji na unga pasipo kukosea. Hesabu anayo. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba kazi hizo mbili ni moja.

Yafaa basi mwalimu aanzie jikoni. Tuseme watu 6 husongewa kwa vikombe 6 vya maji na 4 vya unga. Wageni 3 wakibisha hodi, maji yatakuwa vikombe 9. Je, unga? Mwanafunzi atakayeongeza 3 kama alivyoongeza kwenye maji atapata 7, na mwiko wenyewe utamsahihisha, maana obundu utakuwa mgumu. Atakayejibu 6 amekwisha kuufahamu uwiano kabla hajafundishwa neno lenyewe.

Fikra hii si ngeni. Ubiratan D'Ambrosio wa Brazil aliieleza mbele ya walimu wa hesabu wa dunia mjini Adelaide, Australia, mwaka 1984, na Paulus Gerdes wa Msumbiji akaitafuta katika ususi wa vikapu. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 nao unataka masomo yafungamane na maisha.

Lakini Kasese jambo hili limepita alama za mtihani. Mwezi Septemba 2017 watu 98 waliugua na 2 wakafariki, baada ya kula chakula cha unga wa muhogo wenye sumu ya sianidi. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sumu katika kila kilo, ilhali kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni 10. Mwanafunzi na agawe: karibu mara 9.

Wazee waliijua hatari hiyo, ndiyo maana mihogo michungu hurowekwa siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Siku hizo hazipunguzwi eti kwa sababu gulio la Bwera limewadia. Mama anayeishi kambini, anayenunua unga bila kumwona aliyeroweka, ana haki ya kuuliza zilikuwa ngapi.

Ipo pia njia ya kulowesha unga wenyewe na kuutandaza mkekani kwa unene usiozidi sentimita 1, saa 2 juani au 5 kivulini. Hapo pana somo la eneo: lita 5 za unga uliolowa zahitaji nafasi ya nusu mita ya mraba, na mkeka mdogo huleta tabaka nene lisilotoa sumu vizuri. Njia hiyo hupunguza sumu mara 3 hadi 6. Darasa likigawa 88 kwa 6 litapata karibu 15, na 15 bado ni zaidi ya 10. Unga kama ule wa mwaka 2017 usingefaa kuliwa hata baada ya kutandazwa.