Gari la Parokia Lenye Kilomita Nyingi: Tulikatae au Tulitunze?

Katika robo mwaka iliyopita tumepokea barua kutoka kamati 3 za parokia zikiuliza jambo moja: je, ni busara kununua au kupokea gari la familia lililokwisha kutembea kilomita 150,000 au zaidi? Baadhi ya wajumbe wanasema gari la namna hiyo ni mzigo tu. Wafadhili nao wanauliza kama mchango wao hautaishia gereji. Swali ni la haki, nasi tunalijibu tukianza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita ofisi yetu ilisaidia parokia moja ya kijijini kununua Toyota Corolla iliyosomeka kilomita 168,000. Gari lilifanya kazi vizuri kwa miezi 14, likipeleka wagonjwa hospitali na kubeba dawa za zahanati. Siku moja mpira wa rejeta ulipasuka njiani. Dereva aliona mshale wa joto umepanda, lakini kiti cha nyuma alikuwapo mama mwenye uchungu wa kujifungua, naye akaendelea na safari. Mama alifika na akajifungua salama. Gari ndilo lililoumia: silinda hedi ilipinda, gasketi ikaungua, na likalala chini ya mwembe wa parokia kwa miezi 7 kwa sababu hapakuwa na fungu la matengenezo. Muda wote huo wagonjwa walipanda bodaboda, au hawakwenda kabisa.

Hatumlaumu dereva. Fundi alipofungua injini hakukuta injini iliyochoka. Silinda zilikuwa bado nzuri. Kilichokuwa kimezeeka ni ule mpira, ambao bei yake haifiki nusu ya tenki la petroli. Sisi tulitoa fedha za kununua gari, wala hatukuuliza mpira ule una umri gani.

Hapa ndipo penye jibu la sehemu kubwa ya swali. Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi hueleza umbali tu. Hazielezi gari lilitembeaje. Injini huchakaa zaidi inapowashwa ikiwa baridi, kabla oili haijafika kila mahali. Kwa hiyo gari lililotembea kilomita 200,000 za barabara kuu, likiwashwa asubuhi na kuzimwa jioni, laweza kuwa na injini nzima kuliko lililotembea 80,000 za mjini, la kwenda sokoni na kurudi. Tena namba hiyo hurudishwa nyuma na wauzaji wasio waaminifu. Kanyagio la breki lililolika hadi chuma, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea husema kweli kuliko mita.

Upo mfano unaojulikana sana. Dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, alinunua Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 ikiwa tayari imetembea kilomita 220,000. Mwaka 2004 aliikabidhi kwa kampuni iliyoitengeneza, ikiwa imefikisha kilomita milioni 4.6. Msomaji asidhani injini yake haikuharibika kamwe. Alikuwa na injini kadhaa alizozibadilisha kwa zamu, moja ikitengenezwa wakati nyingine ikifanya kazi. Gari lile lilidumu kwa sababu mwenyewe alikwisha kukubali kwamba vitu vitachakaa, akajiandaa.

Sasa tuangalie mambo yanayoua magari yetu. La kwanza ni joto. Mafundi wengi, gari likichemka, huondoa thamostati na kujaza maji ya bomba. Kwa wiki chache mambo huonekana shwari. Lakini thamostati ndiyo inayoifanya injini ifikie joto lake sahihi. Ikiondolewa, injini hukaa baridi mno, hula petroli zaidi, na oili huchafuka upesi. Maji matupu nayo huleta kutu ndani ya rejeta na pampu. Kulanti ni ghali kuliko maji, ndiyo, lakini si ghali kuliko silinda hedi. Mwombeni fundi airudishe thamostati, na kama gari bado linachemka, atafute sababu yenyewe.

La pili ni oili na vumbi. Kwa barabara zetu tunashauri oili ibadilishwe pamoja na filta yake kila kilomita 5,000. Kuongezea tu pale inapopungua si kubadilisha. Filta ya hewa ipulizwe na kubadilishwa mapema zaidi kuliko kitabu kinavyosema, kwa maana vumbi likipita humo husaga ringi za pistoni kama msasa. Giaboksi ya otomatiki nayo ina oili yake. Ikinuka kuungua, msinunue gari hilo.

Kuhusu mkanda wa taimingi, ulizeni injini ni ya aina gani. Corolla nyingi za miaka ya 1990 zenye injini ya 5A zina mkanda wa mpira unaotakiwa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Injini ya 1NZ, iliyomo katika Probox nyingi na Corolla za miaka ya 2000, ina cheni, ambayo hudumu muda mrefu ilimradi oili ni safi. Kama gari lina mkanda na muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabuni kwamba haujabadilishwa.

Vitu vya mpira havingoji kilomita. Mipira ya rejeta, bushi na matairi huzeeka hata gari likiegeshwa. Ubavuni mwa tairi zimo tarakimu 4: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hata serikali huhesabu miaka: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu.

Kwa hiyo kamati isikatae gari kwa sababu ya namba peke yake. Ilikatae kama halina fungu. Gari la parokia likitembea kilomita 20,000 kwa mwaka, hiyo ni kubadilisha oili mara 4, na fedha hizo ziwe zimetengwa kabla ufunguo haujapokelewa. Kwa wafadhili wetu tunasema wazi: mchango wa matengenezo haupigwi picha mbele ya kanisa, lakini ndio tunaouhitaji zaidi. Kuanzia robo mwaka hii hatutapitisha ombi la gari lisiloonyesha bajeti ya matengenezo ya miaka 2 na jina la atakayetunza daftari la gari.

Ile Corolla ilitengenezwa hatimaye, kwa mchango wa jumuiya. Sasa imesoma kilomita 241,000. Mhasibu wa parokia ameandika kwamba shokapu za nyuma zimekwisha, na fungu lake lipo.