Divai Kavu au Divai yenye Ugwadu? Tatizo la Istilahi za Ladha

Mhadhiri wa lugha aliyeko Kwa Vonza, penye makao makuu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, akijaribu kueleza kwa Kiswahili divai nyeupe ya Kihispania iitwayo Albariño, atakwama kabla hajafika mbali. Divai hiyo hutokana na zabibu za jina hilohilo, na sifa yake imeenea zaidi kutoka Rías Baixas, katika Galicia, kaskazini-magharibi mwa Uhispania, penye mvua nyingi na pepo za Atlantiki. Haina utamu wa sukari, asidi yake ni nyingi, hunukia limau, na aghalabu huacha kinywani mguso wa chumvi. Majina ya vitu hivi yapo. Linalokosekana ni jina la jumla ya ladha yenyewe.

Wengi husema "divai kavu", wakifuata Kiingereza neno kwa neno. Tafsiri hiyo ina kasoro kubwa. Katika Kiswahili, chai kavu ni chai isiyo na kitafunio, na ugali mkavu ni ugali usio na kitoweo. Kwa hiyo msikilizaji aweza kudhani kwamba divai kavu ni ile inywewayo bila chakula, ilhali divai hii ni ya kuandamana na chakula hasa. Afadhali kusema wazi: divai isiyo na utamu.

Neno "chachu" nalo halifai. Kitu kilichochacha ni kile kilichoumuka au kuharibika, kama maziwa au mchuzi uliolala. Kumwambia mwenyeji kwamba divai yake imechacha ni kumtukana. "Kali", kwa upande wake, hubeba mno: pilipili ni kali, siki ni kali, na pombe yenye nguvu ni kali pia.

Neno linaloelekea kufaa ni "ugwadu", yaani ukali wa embe bichi au ukwaju. Hapa lugha na kemia zimekutana kwa namna ya kupendeza, kwani asidi kuu ya ukwaju ni asidi ya tatariki, ambayo ndiyo asidi kuu ya zabibu. Mkwaju, ambao Wakamba huuita kithumula, ni mti uliozoeleka Kitui. Mtu aliyemumunya ukwaju utotoni anajua tayari jinsi mate yanavyojaa pembeni mwa ulimi. Na hiyo ndiyo dalili atakayoitafuta katika bilauri. Ugwadu usichanganywe na ukakasi, ule mkwaruzo wa ndizi mbichi unaokausha kinywa, ambao ni sifa ya divai nyekundu zaidi.

Katika kuonja, divai husukwasukwa kidogo ili harufu ipande, hunuswa, kisha funda dogo huzungushwa kinywani kabla ya kumezwa. Yafaa iwe na baridi ya nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi. Katika joto la Kwa Vonza bilauri hupata moto upesi, na hapo ugwadu hufifia, ukali wa kileo ukajitokeza. Basi imiminwe kidogo kidogo.

Kuhusu chakula, Wagalisia huinywa pamoja na kome, chaza na pweza. Kwa Vonza ni mbali na bahari, lakini ngege wa bwawa la Masinga, akikaangwa na kukamuliwa ndimu, ataafikiana nayo vyema, kwa kuwa asidi hukata mafuta. Ndivyo ilivyo pia kwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na mbaazi au maharagwe, iwapo umekaangwa kwa vitunguu na mafuta ya kutosha. Muthokoi mtupu, usiokaangwa, huonekana umepooza mbele ya divai hii. Mbuzi wa kuchoma huielemea, isipokuwa akiliwa na kachumbari yenye ndimu nyingi. Pilipili itiwe kwa kiasi, maana kileo huongeza mwasho wake. Katika vyakula vya pwani, samaki wa kupaka ndiye mwenzi wake bora: tui la nazi huhitaji kitu cha kulikata, na mara nyingi mpishi amekwisha kutia ukwaju.